Miwa Iliyolala Barabarani na Ushahidi wa Alkoholi



Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Kericho, ukishapita Ahero na mashamba yake ya mpunga, unafika Awasi. Hapo ndipo njia ya kwenda Chemelil inapochepuka, na hapo ndipo msafiri anapoanza kukutana na matrela ya miwa. Kuna siku trela linapita. Kuna siku limesimama: gurudumu limepasuka, trekta limekwama katika ule udongo mweusi wa Kano ambao mvua moja tu inatosha kuugeuza kuwa gundi, au foleni ya langoni mwa kiwanda imekuwa ndefu hata madereva wametandika magunia chini ya magari wakalala. Miwa iliyokatwa Jumatatu unaikuta Alhamisi bado iko juu ya trela, jua linaipiga. Mwenye shamba yuko nyumbani anahesabu siku. Anajua anapoteza. Hajui anapoteza nini hasa, wala hana namna ya kumwonyesha mtu mwingine.

Nataka leo tuzungumze juu ya kinachotokea ndani ya muwa ule wakati trela limesimama, na juu ya elimu ya kuzitenganisha sukari kwa kutumia kiyeyusho kinachochagua. Ni elimu ya maabara, lakini nasadiki kwamba inamhusu mkulima wa Awasi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu inaweza kumpatia ushahidi.

Tuanze na muwa wenyewe. Sukari tunayonunua dukani, ile ya chembe nyeupe au ya kahawia, wanakemia huiita sukrosi. Kila molekuli ya sukrosi imeundwa kwa sukari mbili ndogo zilizoungana: glukosi na fruktosi. Ndani ya muwa mna kimeng'enya kiitwacho invatesi, ambacho kazi yake ni kuuvunja muungano huo. Muwa ukiwa shambani, umekomaa na una mizizi, mmea wenyewe hukidhibiti kimeng'enya hicho na sukrosi hujikusanya katika shina. Panga likipita, udhibiti unakwisha. Joto la bonde la Kano linafanya yaliyobaki. Sukrosi huchukua maji kidogo na kuvunjika, na kila gramu 342 za sukrosi huacha gramu 360 za glukosi na fruktosi.

Kwa hiyo ukiutafuna muwa uliolala siku tatu utauona bado ni mtamu. Sukari haikutoroka. Imebadilika umbo, na umbo hilo jipya si lile ambalo kiwanda kinalitafuta. Kiwanda cha sukari, kwa kweli, ni mashine kubwa ya kutenganisha. Kinakamua, kinatia chokaa ili takataka zizame, kinachemsha maji yapungue, kisha kinangoja sukrosi ijitoe katika maji yale kwa kugeuka fuwele. Sukrosi inajua kujitoa. Fruktosi haijui: katika joto la kawaida la chumba, kilo moja ya maji inaweza kuyeyusha karibu kilo 2 za sukrosi, lakini inaweza kuyeyusha karibu kilo 4 za fruktosi. Fruktosi na maji ni vigumu kuviachanisha. Glukosi kwa upande wake huyeyuka kwa uchache zaidi kuliko zote mbili maji yakiwa baridi, lakini katika rojo moto la kiwandani, tena ikiwa kidogo miongoni mwa nyingi, hupita bila kuganda. Zote mbili huishia katika molasi. Kila kilo ya sukrosi iliyovunjika pale barabarani ni kilo ambayo haitaingia kwenye gunia.

Aliyewahi kuweka chupa ya asali kabatini ameiona tabia hii kwa macho yake. Asali ni glukosi na fruktosi ndani ya maji machache. Ikikaa, chini huota chembechembe, na juu hubaki majimaji. Zile chembe ni glukosi, ambayo maji hayo machache hayawezi kuendelea kuibeba, na yale majimaji yana fruktosi kwa wingi. Wanunuzi wengi wakiiona asali imeganda hudhani imechanganywa na sukari ya duka, na warinaji wetu hupoteza wateja bure. Asali halisi huganda. Hapo maji yamechagua: yameshika moja, yameachilia nyingine.

Basi, tukubaliane kwamba miwa iliyochelewa imepoteza sukrosi. Swali ni nani atathibitisha, na kwa kipimo gani?

Mkulima wetu hadi leo analipwa kwa tani. Miwa inapandishwa kwenye mizani, uzito unaandikwa, hesabu inafanywa. Miwa iliyokaa juani imenyauka, kwa hiyo mizani inampunja mkulima kwa maji yaliyopotea. Kiwanda nacho kinalalamika kwamba miwa kiliyoipokea haina sukari. Kila upande una hasara na kila upande unamtupia mwenzake lawama: huyu anasema mmechelewa kuibeba, yule anasema mmekata miwa michanga. Mazungumzo ya kumlipa mkulima kulingana na sukrosi iliyomo, badala ya uzito peke yake, yamekuwapo nchini kwa miaka mingi. Nayaunga mkono, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo kiini cha maneno yangu leo. Kipimo kiwe kinachoweza kutofautisha sukari moja na nyingine, na kiweze kusema ni kwa nini sukrosi imepungua.

Maana vipo vipimo rahisi, na vinadanganya. Kipo kile kidude cha mkononi ambacho unakidondoshea tone la maji ya miwa, unakitazama kuelekea mwanga, kinakuonyesha namba ya Brix. Namba hiyo ni jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Haijui sukrosi, haijui glukosi. Muwa ulionyauka una maji machache, kwa hiyo Brix yake inaweza hata kupanda! Mtu atakuonyesha namba kubwa akuambie miwa ni mizuri, kumbe imekaa siku nne.

Kipo kipimo cha pili, cha maabara ya kiwanda, kinachoitwa polarimita. Hiki hupitisha mwanga uliopangwa upande mmoja ndani ya maji ya miwa na kuangalia umegeuzwa kiasi gani. Sukrosi hugeuza mwanga kuelekea kulia. Glukosi pia kulia, lakini kidogo zaidi. Fruktosi huugeuza kushoto, tena kwa nguvu. Sukrosi inapovunjika, usomaji unashuka, na ikivunjika yote unavuka sifuri na kuelekea kushoto. Ni kipimo kizuri sana na viwanda duniani kote vinakitegemea. Lakini nacho kina adui, na adui huyo huzaliwa pale pale juu ya trela.

Adui huyo anaitwa dekstrani. Kuna bakteria wa jamii ya Leuconostoc wanaoishi katika udongo wa mashamba ya miwa. Muwa ukikatwa, wanaingia kwa mdomo wa jeraha. Muwa ukiungua moto, kama inavyotokea mara kwa mara wakati wa kiangazi, gamba hupasuka na milango inakuwa mingi. Bakteria hawa huichukua sukrosi, wakaitumia ile sehemu ya glukosi kujenga minyororo mirefu sana, na kuiacha fruktosi. Minyororo hiyo ndiyo dekstrani, ute unaoteleza. Kiwandani ute huo huifanya shira iwe nzito, uchujaji uwe wa taabu, na fuwele za sukari zikue ndefu kama sindano badala ya kuwa chembe nene, hata mashine za kuzizungusha zishindwe kuziachanisha vizuri na molasi. Na jambo linaloniudhi zaidi ni hili: dekstrani hugeuza mwanga kulia kwa nguvu karibu mara tatu ya sukrosi. Miwa iliyooza inaweza kuonekana katika polarimita kuwa na sukrosi nyingi kuliko iliyo nayo kweli.

Sasa hapa ndipo kiyeyusho kinachochagua kinapoingia.

Chukua maji ya miwa. Yasafishe kwanza, uondoe wanga na protini, kwa sababu nazo zina tabia kama ile tunayotaka kuitazama. Kisha ongeza alkoholi polepole mpaka nusu ya mchanganyiko iwe alkoholi. Ikiwa muwa ulikuwa freshi, maji yale yatabaki angavu. Ikiwa muwa ulilala, utaona ukungu mweupe unatanda ndani ya chupa. Ukungu ule ni dekstrani. Sukrosi, glukosi na fruktosi zote bado zimeyeyuka, hazionekani, lakini ile minyororo mirefu haina tena pa kujificha.

Sababu yake si ya kimiujiza. Sukari huyeyuka kwa kuzungukwa na molekuli za maji na kushikana nazo. Alkoholi inapoingia hujipatia maji yake yenyewe, na maji yanayobaki kuishika sukari yanapungua. Wenye miili mikubwa, kama dekstrani, huanguka mwanzo. Ukiendelea kuongeza alkoholi hadi ikaribie kuwa tupu, hata sukrosi hushindwa na kuanza kuanguka. Glukosi nayo huyeyuka kwa shida sana humo. Fruktosi ndiyo inayovumilia kuliko wenzake. Mtu mwenye subira, kwa kupandisha nguvu ya alkoholi hatua kwa hatua, anaweza kuvitoa vitu hivi kimoja baada ya kingine kutoka katika mchanganyiko mmoja. Kipimo cha ukungu kwa alkoholi kinajulikana katika maabara za sukari duniani kwa miongo mingi. Si ugunduzi wangu wala si ndoto.

Matumizi ya kiyeyusho kinachochagua yametoka mbali. Mwaka 1747, mjini Berlin, mkemia Andreas Marggraf alikausha mizizi ya kiazisukari, akaisaga, akaichemsha katika alkoholi kali. Alkoholi ile ya moto ilibeba sukari na kuacha vitu vingine vingi katika mzizi. Akachuja kungali moto, akaacha chombo kikae kwa majuma. Fuwele zikatokea, akazitazama kwa hadubini, akaona ni zile zile za sukari ya miwa. Hadi siku hiyo Ulaya ilikuwa ikiagiza sukari kutoka mashamba ya miwa ya watumwa ng'ambo ya bahari. Mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, ndiye aliyejenga kiwanda cha kwanza cha sukari ya kiazi huko Silesia mwanzoni mwa karne ya 19, na Napoleon alipozuiwa baharini na Waingereza akakipa kilimo hicho msukumo mkubwa. Biashara nzima ya sukari ya kiazi ya Ulaya ilianzia katika chupa moja ya alkoholi iliyojua kuchagua.

Miaka 100 baada ya Marggraf, mwaka 1847, Mfaransa Augustin-Pierre Dubrunfaut aliitambua fruktosi. Naye alichagua njia nyingine: aliichukua sukari iliyovunjika, akaitia chokaa katika ubaridi. Chokaa hushikamana na fruktosi na kuwa kitu kigumu ambacho maji hayakiyeyushi vizuri, na glukosi ikabaki katika maji. Chokaa, msikilizaji, ile ile inayomwagwa kwa magunia katika viwanda vya Muhoroni na Chemelil kila siku ya usagaji. Viwanda vikubwa vya leo vinavyotenganisha fruktosi na glukosi vimelirithi wazo hilo kwa namna yao: hupitisha shira katika minara iliyojaa chembe za resini zenye kalsiamu. Kalsiamu huikawiza fruktosi, glukosi inatangulia, na kiyeyusho kinachotumika ni maji tu.

Nirudi Kano. Nimesema kipimo lazima kiseme kwa nini sukrosi imepungua, na hapa alkoholi inatoa msaada ambao sijui kipimo kingine rahisi kinachoutoa. Muwa mchanga, uliokatwa kabla ya wakati wake, pia una glukosi na fruktosi nyingi, kwa sababu bado haujazikusanya kuwa sukrosi. Ukipima glukosi na fruktosi peke yake, muwa mchanga na muwa uliolala inaweza kufanana. Lakini muwa mchanga uliosagwa siku ile ile hauna dekstrani ya kutajika. Uliolala unayo. Kwa hiyo ukikuta sukari ndogo nyingi na maji ni angavu katika alkoholi, uulize nani aliyekata miwa kabla ya kukomaa. Ukikuta sukari ndogo nyingi pamoja na ukungu, uulize trela lilisimama wapi na kwa siku ngapi.

Tofauti hiyo ina uzito wa fedha. Katikati ya mwaka 2023 usagaji wa miwa katika ukanda huu wa magharibi ulisimamishwa kwa miezi kadhaa, kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha na viwanda vilikuwa vikigombania michanga. Familia ambazo karo hutoka katika miwa zilikaa bila mapato. Katika mabishano ya mwaka ule kila mmoja alikuwa na maneno, na ni wachache sana waliokuwa na karatasi ya maabara mkononi. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha kwa wawekezaji binafsi viwanda vyake vinne, vikiwamo Chemelil na Muhoroni. Wenye viwanda wamebadilika, na mimi nawaombea heri. Lakini mkulima anayekabidhi miwa yake kwa mwekezaji anahitaji kipimo huru hata zaidi ya alivyokihitaji zamani, kwa sababu kipimo kikiwa ndani ya lango la mnunuzi peke yake, muuzaji anabaki kuamini tu.

Huenda msikilizaji anajiuliza: mambo haya ya maabara, nani huku kijijini atayaweza? Jibu langu ni kwamba watoto wetu wanayafanya tayari. Yeyote aliyefanya mtihani wa KCSE wa biolojia anaikumbuka dawa ya bluu ya Benedict. Unaitia katika chakula, unachemsha, ikigeuka kijani, manjano, rangi ya chungwa hadi kahawia, unaandika kwamba mna sukari rahisi. Ukitia katika mmumunyo wa sukari ya duka, inabaki bluu. Kisha mwalimu anakwambia utie asidi kidogo, uchemshe, uipoze asidi kwa magadi, urudie. Sasa inageuka. Kile alichokifanya mwanafunzi kwa asidi na moto kwa dakika chache, invatesi na jua la Awasi hukifanya kwa siku tatu juu ya trela. Ni mmenyuko ule ule. Mwanafunzi anaweza kuuandika vizuri kwenye karatasi ya mtihani, apate alama zake zote, akatoka nje ya lango la shule akapita kando ya trela lililosimama bila kujua kwamba jibu lake liko pale. Jambo hilo linanisikitisha, na silaumu mwalimu. Mtaala na maisha havijaonyeshwa njia ya kukutana.

Na mwaka 1946 Mwingereza S. M. Partridge alionyesha njia nzuri zaidi, inayohitaji karatasi. Unadondosha tone la maji ya miwa karibu na ukingo wa karatasi ya kuchujia, unaliacha likauke, unauingiza ukingo ule katika mchanganyiko wa butanoli, asidi ya siki na maji. Kiyeyusho kinapanda katika karatasi, na kila sukari inakifuata kwa mwendo wake: fruktosi mbele, glukosi nyuma yake, sukrosi mwisho. Ukinyunyizia dawa ya kuzifichua, unayaona madoa, kila moja mahali pake. Waliovumbua msingi wa njia hiyo ya karatasi, Archer Martin na Richard Synge, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1952. Vifaa vyake si vya gharama ya kutisha. Shule yenye maabara ya kawaida katika eneo la Nyando inaweza kuifanya, mwalimu akisimamia, na ningependa kuona klabu ya sayansi inachukua muwa mmoja, inaukata vipande, inakamua kimoja kila siku kwa juma zima, na kubandika karatasi hizo ukutani ili wazazi wao wazione siku ya mkutano. Doa la sukrosi litafifia mbele ya macho yao.

Nitoe tahadhari hapa, na naomba isikike. Alkoholi ya maabara huwaka moto haraka, isikaribie jiko wala mshumaa. Na ipo aina nyingine, methanoli, ambayo wanakemia huitumia kwa sababu glukosi huganda vizuri humo. Methanoli ni sumu. Mwaka 2014 makumi ya Wakenya walifariki na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Alkoholi ya viwandani na ya maabara haionjwi, hata kwa ncha ya ulimi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nalifikiria kila ninapotazama ramani ya eneo hili. Pale Muhoroni ipo kampuni ya Agro-Chemical and Food, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo huichukua molasi ya viwanda vya sukari na kuigeuza alkoholi na hamira. Molasi ile, karibu nusu ya uzito wake bado ni sukari: sukrosi iliyoshindwa kuganda, pamoja na glukosi na fruktosi. Hamira huzila zote bila kuchagua. Tazama basi: mchanganyiko wa sukari uko hapa, chokaa iko hapa, na kiyeyusho kinachochagua kinatengenezwa hapa hapa, mwendo mfupi kutoka Awasi. Vitu vyote ambavyo Marggraf na Dubrunfaut walivihitaji viko katika bonde moja.

Je, tujenge kiwanda cha kutoa fruktosi katika molasi kwa alkoholi? Hapana, kwa sasa sioni hesabu inayokubali. Alkoholi ikishatumika lazima itoneshwe upya ili irudi kazini, na moto wa kutonesha ni ghali. Molasi ina chumvi na rangi nyingi ambazo huanguka pamoja na sukari na kuichafua. Duniani glukosi nyingi hutokana na wanga wa mahindi, kwa bei ambayo molasi haiwezi kushindana nayo. Marggraf mwenyewe aliona kwamba alkoholi ni ghali mno kwa kazi ya wingi, akatafuta njia ya kukamua na kusafisha. Atakayekuja kuwaahidi wakulima utajiri wa haraka kutokana na jambo hili, mwulizeni hesabu ya kuni kabla ya kumpa hisa.

Lakini kwa kazi ya ushahidi, alkoholi inayohitajika ni mililita chache kwa kila sampuli, na hapo gharama si hoja tena. Ile inayotoka Muhoroni kwa malori ingetosha kupima kila trela linaloingia katika viwanda vyote vya ukanda huu na isipungue kwa kiasi cha kuonekana. Wataalamu pia tunao. Taasisi ya utafiti wa miwa iko Kibos, kando ya mji wa Kisumu. Chuo Kikuu cha Maseno hakiko mbali, na kina wanakemia. Wapika sukari nguru katika vijiji vya huku wanajua tangu zamani, bila maabara yoyote, kwamba miwa iliyolala haitoi nguru ngumu, hutoa kitu laini kinachonata, na huikataa miwa hiyo mlangoni. Maarifa yao na ya Kibos ni mamoja, ila hayajawekwa mezani pamoja.

Kwa hiyo ombi langu ni la wazi, nalo nalielekeza kwa watu watatu. Kwa serikali za kaunti za ukanda wa sukari: wekeni kituo cha kupimia kilicho nje ya lango la kiwanda, hata kama ni chumba kimoja chenye polarimita, alkoholi, na kijana aliyesomea kemia. Kwa vyama vya wakulima: mnapojadiliana mikataba mipya na wawekezaji hawa, msikubali kipengele cha kulipwa kwa sukrosi kikiwa hakina kipengele cha saa. Iandikwe miwa ilikatwa lini, ilipakiwa lini, ilisagwa lini, na matokeo ya dekstrani yaambatanishwe, na anayethibitika kuchelewesha ndiye abebe hasara. Na kwako wewe mkulima unayenisikiliza ukiwa Awasi, Boya, Kibigori au Koru: kabla hujaruhusu panga kuingia shambani, ulizia kwanza kama trela lipo. Muwa uliosimama na mizizi yake unaweza kukungoja wiki mbili bila kukudhuru sana. Uliokatwa usipite siku mbili kabla haujasagwa.